Krimu Isiyo na Mlinzi

Kobe, 18 Aprili

Mpwa wangu Chinami,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma. Marahaba. Huku maua ya cherry yameshapukutika na aliyeyafagia maegesho yote ya duka la dawa ninapolinda ni mimi, maana gari la daktari mmoja likiteleza kwenye maua nitaulizwa mimi. Afya yangu unaijua. Kina mama wa dukani bado wananiuliza huwa napaka nini usoni hadi sina hata kunyanzi moja la maana. Nawajibu: upepo wa bahari zote na moshi wa mafuta ya kukaangia, wapikieni mabaharia miaka thelathini na kitu kisha mje tuongee. Hawaamini, ila wanacheka, na mtu akicheka anaegesha vizuri.

Goti tu ndilo linanisumbua. Tusilizungumze.

Mzee Shigeo shemeji yangu hajambo? Na picha ya mama yako mliibadilisha fremu? Ile ya kwanza ilimfanya aonekane mpole, na dada yangu hakuwa mpole hata siku moja.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili kwenye simu nilikusikia ukivuta pumzi kwa meno kila ulipobadilisha mkono. Nikauliza, ukasema simu ni nzito. Simu hiyo niliinunua mimi, ina uzito wa kipande cha mkate. Mama yako alipokuwa msichana mikono yake ilipasuka kila majira ya baridi hadi akashindwa kushika vijiti vya kulia, na akiulizwa anasema vijiti vyenyewe ni vibaya. Kwa hiyo mimi ugonjwa huu wa kulaumu vifaa naujua tangu zamani.

Niandikie mikono yako ikoje. Andika, usipige. Masikio yangu yalibaki kwenye meli, na wewe unanong'ona kama mtu anayeiba.

Mjomba wako,
Tatsuzo


Matsue, 3 Mei

Mjomba Tatsuzo,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Baba anakwenda ziwani alfajiri kuvuna kome kama kawaida. Supu naipika mimi siku hizi, anainywa hadi tone la mwisho bila kusema neno. Nadhani hiyo ni sifa. Fremu tumebadilisha. Sasa Mama anaonekana kama anataka kutuambia tuondoe viatu mlangoni. Utaipenda.

Kila jioni namletea Mama kitamutamu kimoja cha chai kutoka kazini, kile kilichopinda ambacho hakiuziki. Nakiweka mbele ya picha yake, nawasha ubani, na kabla ya kulala nakishusha na kukila mimi, maana kitamu cha maharage yaliyopondwa namna ile kesho yake kimeshaharibika. Wewe unajua jinsi alivyopenda vitamu. Nafikiri anaridhika.

Umeuliza mikono. Imepasuka kwenye maungio ya vidole na katikati ya viganja. Jikoni tunanawa kila tunapogusa kitu, na dawa ya kupulizia juu yake. Nilianza kupaka losheni moja ya maua niliyopewa na rafiki. Wiki iliyofuata Fundi Kadowaki, anayenifundisha kazi, alichukua ua la maharage matamu nililofinyanga, akalitafuna taratibu sana, akasema, "Chinami, hili linanuka sabuni ya bibi harusi." Halafu akasema nimwonyeshe mikono.

Unamjua alivyo. Hakugomba. Alisema tu mkono wenye kidonda haugusi chakula cha mtu, na glavu hataki kwa sababu donge la maharage halisikiki ndani ya glavu. Amenitoa kwenye meza ya kufinyanga. Sasa nachemsha maharage na kupima sukari. Mwezi wa kumi kuna hafla kubwa za chai, na lazima awe na mtu wa pili mezani. Amesema atanisubiri mpaka hapo. Kijana mmoja kutoka Kanazawa ameshaleta maombi.

Miaka mitano nimefagia na kuosha masufuria ili nifike kwenye meza ile, Mjomba. Nilikuwa nimekaa miezi minne tu.

Kwa hiyo nataka krimu isiyo na harufu kabisa, na isiyowasha. Jirani yetu Bi Ritsu anasema nikimbie chochote chenye kihifadhi, hasa parabeni, eti ndizo zinazoharibu ngozi. Lakini dukani msichana mmoja aliniambia zisizo na kihifadhi ni za watu wenye pesa na friji kubwa, akacheka. Mimi nasimama mbele ya rafu nikisoma viambato kama nasoma majina ya vituo vya treni vya nchi nyingine. Wewe uko mlangoni pa duka la dawa na vipodozi kutwa. Naomba uniulizie kwa mtu anayejua.

Chinami


Kobe, 16 Mei

Mpwa wangu,

Salamu kwa shemeji, mwambie hizo supu asifu kwa mdomo, si kwa bakuli tupu. Huku joto limeanza kubisha hodi. Nimepewa kofia mpya yenye jina la duka, inanikaa kama ya nahodha.

Nimekushughulikia. Ndani ya duka tuna mfamasia, Bi Kusakabe, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo na koti jeupe lililopigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Nikamwendea wakati wa mapumziko. Nikamwambia nataka krimu laini kuliko zote katika nchi hii, isiyo na harufu, isiyo na rangi, isiyo na spiriti, na isiyo na sumu hiyo ya kuzuia kuoza. Akauliza nani kaniambia ni sumu. Nikasema mimi nimefika bandari arobaini. Akasema bila shaka katika arobaini hizo mojawapo ilikuwa na duka la dawa.

Ulimi wake ni mkali, lakini nampenda mtu wa namna hiyo kazini.

Aliongea mengi. Kwamba kihifadhi si jini, ni kiasi kidogo tu, na ngozi za watu wengi hazina habari nacho. Kwamba kinachowasha watu zaidi ni manukato. Nikamwambia, mama, mpwa wangu ni fundi wa vitamutamu vya chai, vidole vyake ni mali ya taifa, nipe isiyo na kitu ndani. Akapumua, akaniletea. Aliendelea na maelezo ya joto sijui na vidole, lakini hapo lori la maziwa lilikuwa linarudi nyuma bila mimi, na wewe unajua lori likirudi nyuma bila mimi ni habari ya gazeti.

Krimu yenyewe nimekutumia ndani ya sanduku hili. Kopo la kioo, dogo, zuri. Uone tu heshima yake: haikuwa kwenye rafu na wenzake, ilikuwa imekaa ndani ya friji peke yake kama keki ya sikukuu. Nilipoiona pale nikasema hiyohiyo, nifungie kwa karatasi nzuri na utepe. Viambato vyake havifiki kumi. Hata ukiilamba hutakufa, nimejaribu.

Nijulishe mikono ikipona. Na nikipata sifa, ziandike kwa herufi kubwa, nizibandike kwenye kibanda changu.

Mjomba Tatsuzo


Matsue, 1 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sanduku limefika salama. Asante sana, sana. Baba aliishika karatasi ya utepe kama mtoto mchanga, akasema, "Kaka wa mama yako hajabadilika, zawadi ndogo, ufungaji wa harusi." Alicheka. Sijamsikia akicheka tangu Januari.

Nimeiweka mbele ya Mama kama ilivyo, na karatasi yake. Kila ulichokuwa ukituletea kutoka melini alitaka kukiona kwanza yeye, na kukishika muda mrefu, kabla mtu mwingine hajakigusa. Ni zawadi yako ya kwanza tangu aondoke. Nikasema akae nayo kidogo, kisha nitaishusha niitumie. Mikono ni ileile tu kwa sasa, haijazidi.

Mjomba, mwezi wa nane itakuwa sikukuu ya kwanza ya Bon ya Mama, mara ya kwanza anarudi nyumbani na wafu wengine. Baba hajaniagiza niulize, ila ameshaanza kupanga mito ya kukalia sebuleni, na anahesabu wa kwako. Goti lako litaruhusu?

Chinami


Kobe, 20 Juni

Mpwa wangu,

Mvua za mwezi huu zimenifanya samaki. Nguo hazikauki, mkate unaota ndevu usiku mmoja, na wateja wanaegesha kama vipofu. Hata hivyo mimi mzima, sauti yangu ndiyo imekauka kwa kuwasifia watu krimu yako. Nimemwambia kila mtu hapa kwamba mikono ya mpwa wangu imepona na fundi wake amelia. Kwa hiyo fanya haraka upone, usinifanye mwongo.

Shemeji mwambie asante kwa mto. Daktari wa goti anapenda kunizungusha, leo hivi kesho vile, siwezi kusema bado. Treni ya kuja huko inapinda sana milimani, na mtu wa meli akipinda nchi kavu anaugua. Tutaona.

Je, umeanza kuipaka?

Mjomba


Matsue, 15 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na joto. Sisi hatujambo. Baba hajambo. Krimu ni nzuri sana, asante. Tafadhali usitume nyingine.

Samahani kwa mwandiko.

Chinami


Kobe, 22 Julai

Chinami,

Salamu za leo nitaziruka, utanisamehe.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kusoma watu hakunishindi. Mtu anayesema krimu ni nzuri sana usitume nyingine ana jambo. Na mwandiko huo si wa kwako. Herufi zako zimejipanga kama askari, hizi zimelewa. Umeandika na kitambaa kwenye vidole, au kalamu umeishika kwa kiganja kama mtoto.

Nilikwenda kwa Bi Kusakabe, safari hii bila kofia. Nikamweleza. Hakuniuliza habari ya ngozi yako, wala ya fundi, wala ya vitamutamu. Aliuliza swali moja: "Aliiweka wapi?"

Nikamwambia sijui. Akaniuliza kama nilikuambia ikae kwenye friji na iishe ndani ya mwezi mmoja, na usichote kwa kidole chenye maji. Ndiyo yale maelezo ya lori la maziwa. Akasema, "Mzee Tatsuzo, ile friji ulidhani ni kiti cha heshima?"

Ndivyo nilivyodhani. Nimekuandikia hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, barua unayo, huna haja ya kunikumbusha.

Sasa na wewe niambie. Iliwekwa wapi, kwa muda gani, na mikono ikoje. Usinipe "hatujambo". Nilikuwa nikiipata kutoka kwa mama yako kila mwezi, "hatujambo, hatujambo", hadi siku baba yako alipopiga simu.

Tatsuzo


Matsue, 10 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Mito imepangwa tayari na taa za Bon zimefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niweze kushika kalamu sawasawa. Angalia herufi, zimesimama.

Ilikuwa mbele ya Mama. Karibu mwezi mzima.

Sikupanga iwe hivyo. Kila nilipotaka kuishusha niliona bado ni mapema, niliona kama namnyang'anya. Na mvua ile uliyoisema huku ilikuwa hivyohivyo, na ubani unawaka pembeni asubuhi na jioni. Mwisho wa Juni ndipo nikaifungua. Ilinuka kidogo, kama pumba za mchele zilizolowa. Nikajiambia hiyo ndiyo harufu ya krimu isiyo na manukato, sisi tumezoea uongo wa maua. Nikapaka usiku, nikavaa glavu za pamba juu yake, kama nilivyoona watu wakifanya. Nilirudia hadi vidole vikavimba na ile mipasuko ikaanza kutoa usaha.

Daktari wa ngozi alisema ni vijidudu vimeingia kwenye vidonda. Nimepewa dawa ya kumeza na ya kupaka. Naye aliuliza swali lilelile la mfamasia wako. Nilipomjibu aliandika kitu, akatabasamu kidogo, akasema hospitali yao hupata wawili watatu kila mwaka waliotumia kitu kilichoharibikia mbele ya picha ya marehemu: tikiti la zawadi, keki ya zawadi, sasa na krimu.

Kinachonikera si kuumwa. Ni kwamba mimi ni mtu wa vitamutamu vya siku moja. Naandika mwenyewe kwenye kila sanduku "kuliwa leo". Kila jioni nilikuwa nashusha kile cha Mama kwa sababu kitaharibika, halafu namrudishia krimu yake palepale mahali pake, nafuta vumbi juu ya utepe. Mkono mmoja unajua, mwingine haujui.

Sasa hata maharage sichemshi. Nakaa mbele dukani nafunga masanduku. Fundi Kadowaki alipita juzi, akaangalia vitambaa vyangu, akasema, "Oktoba haisogei, Chinami." Yule wa Kanazawa atakuja Septemba kwa majaribio.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeshawaambia watu nimepona. Na kwa sababu uliichagua wewe. Baba alisema, ukimwambia kaka wa mama yako ataacha kutuletea vitu, na akiacha kuleta vitu hatakuwa na sababu nyingine ya kuandika.

Sijui kama alikuwa anatania.

Chinami


Kobe, 27 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Bon imepita, na sikuja. Goti. Mwambie shemeji mto wangu asiuweke kabatini akausahau, unaota ukungu.

Baba yako na mimi tuna mazungumzo yetu ambayo hatujawahi kuyaanza, lakini hilo la kuleta vitu amekosea. Mimi naandika kwa sababu napenda kusoma nilichoandika.

Sasa sikiliza. Nimekaa na Bi Kusakabe mapumziko mawili mazima, nimebeba chai mwenyewe, na safari hii nimesikia hadi mwisho. Lori la maziwa nililiambia lijirudishe lenyewe.

Kwanza, mambo ya Bi Ritsu. Amesikia nusu. Wapo watu ambao ngozi zao hazipatani na kihifadhi fulani, na wakikigusa wanavimba. Hao wapo kweli, na dawa yake ni kukijua ni kipi na kukikwepa hichohicho, si kukimbia vyote. Parabeni zimetukanwa sana, lakini Bi Kusakabe anasema kwa kazi yake ya miaka mingi amewaona wengi zaidi waliochomwa na manukato na spiriti. Na kopo likiandikwa mbele "halina viongezwa", geuza nyuma usome, maana kila kampuni ina orodha yake ya vitu isivyoongeza, na vilivyobaki haivisemi.

Mimi nimejielezea hivi, na yeye amekubali, kwa shingo upande. Kihifadhi ni mlinzi wa maegesho. Mahali pasipo mlinzi, siku ya kwanza panapendeza, pametulia, hakuna mtu anayepiga filimbi. Siku ya tatu kila mhuni ameegesha. Wapo walinzi wakali wanaogombana na wateja, hao waondoe. Lakini usiseme kwa hiyo ulinzi wote ni mbaya, mimi nitakula nini? Na kama hutaki mlinzi kabisa, basi fanya ukumbi mdogo, ufunge mlango, uwashe baridi, na utoe kila kitu upesi. Ndiyo ile friji. Ndiyo hivyo vitamutamu vyako. Ungeniuliza mimi ningejua, kama ningeulizwa na mtu anayejua niulizwe nini.

Kuna na njia ya tatu, hii ilinishangaza. Marhamu ya mafuta matupu, isiyo na tone la maji ndani. Vijidudu vinataka maji. Pasipo maji hakuna wa kuegesha, na mlinzi hahitajiki.

Ndani ya sanduku kuna tyubu tatu. Tyubu, si makopo, ili usichovye kidole. Mbili zina vihifadhi tofauti, moja ni mafuta matupu. Zote hazina harufu, nimezinusa hadi nimepiga chafya. Usizipake kwenye vidole kwanza. Subiri daktari aseme vidonda vimefunga. Kisha paka kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, moja moja, kwa siku kadhaa, na uone ipi inakugombeza. Ukiona wekundu, iache bila kuionea huruma, hata kama niliichagua mimi.

Sikuweka utepe. Nimezifunga kwa gazeti la mbio za farasi ili mtu yeyote asishawishike kuziweka mbele ya picha. Mwambie mama yako hizi ni za mwanawe. Yeye mpe kitamutamu.

Mjomba


Matsue, 24 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Sasa jioni zina ubaridi. Baba ameanza kuvaa soksi mbili ziwani. Gazeti la farasi amelisoma lote, amesikitika kwamba mbio zilishaisha.

Nimefanya ulivyosema. Daktari alipokubali nilianza kwenye mkono, karibu na kiwiko. Tyubu ya kwanza ilinipa wekundu siku ya pili, duara zuri kama sahani. Nikampelekea daktari ile tyubu na akaandika jina la kihifadhi chake kwenye kadi yangu, nikikiona popote nikikwepe. Kwa hiyo Bi Ritsu alikuwa na nusu yake ya haki. Ila si parabeni. Parabeni ziko kwenye tyubu ya pili, na ngozi yangu haikuzijali hata kidogo. Hiyo napaka mchana baada ya kunawa, inanyonywa upesi. Mafuta matupu napaka usiku, na glavu. Sabuni nimeibadilisha, na maji nanawa ya uvuguvugu badala ya moto. Bi Ritsu nimemweleza yote akaniangalia kama nimejiunga na dini mpya.

Mipasuko imefunga. Ngozi bado nyembamba, ina rangi ya waridi, lakini hakuna kidonda.

Leo mchana Fundi Kadowaki aliniita. Yule wa Kanazawa alikuwepo, anafanya kazi vizuri, lazima niseme ukweli, ana mikono kama ya mtoto. Fundi aliishika mikono yangu akaigeuza, akabonyeza kila ungio la kidole kama anachagua pichi sokoni. Akainusa. Akauliza, "Umepaka?" Nikasema ndiyo, asubuhi. Akanusa tena. Kisha akanikatia donge la maharage meupe, akaondoka.

Sijui maana yake. Nilifinyanga vitamutamu kwa alichonikatia na nimeviacha mezani.

Chinami


Matsue, 9 Oktoba

Mjomba Tatsuzo,

Shikamoo. Baba hajambo, mimi sijambo. Safari hii ni kweli.

Niko mezani. Wote wawili tuko mezani, mimi na yule wa Kanazawa, anaitwa Masaomi. Fundi amesema hafla za mwaka huu ni nyingi na yeye amezeeka. Mimi nafinyanga krisanthemamu, yeye anapaka rangi. Siku ya kwanza, Fundi alionja changu mbele ya wote, akatafuna muda mrefu kama siku ile ya sabuni ya bibi harusi. Nilikuwa natazama taya lake tu. Akasema, "Kinanuka maharage." Akaenda kunywa chai.

Jioni ile nilimletea Mama kisichopinda. Cha kuuziwa watu. Nilikilipia mwenyewe, Masaomi akanicheka.

Nilitaka nikutumie na wewe. Nimechukua kisanduku, nikakunja karatasi, nikaandika anwani yako yote hadi namba ya kibanda. Halafu nikasimama na kalamu juu ya yale maneno mawili ninayoyaandika kila siku. Posta ya kwenda Kobe ni siku mbili. Kingekufikia kimekufa, na mimi sitaki tena kutuma au kupokea kitu kilichokufa kwa kungoja.

Hakuna cha kukihifadhi, Mjomba. Nikikitia kitu cha kukihifadhi si kile tena. Kama unakitaka, inabidi ukilie hapahapa, siku kitakapotoka mkononi.

Jumamosi ya tarehe ishirini na moja naanza alfajiri, saa kumi jioni namaliza. Baba ameutoa mto juani.

Chinami


Kobe, 13 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo, nimeisoma kwenye kibanda, magari matatu yakaegesha yenyewe na moja limeegesha vibaya sana.

Nimekwenda kwa Bi Kusakabe kumwambia mikono ya mpwa wangu imepona na fundi wake amelia. Akasema hilo nilishamwambia Juni. Nikamwambia la Juni lilikuwa la majaribio. Amekupa tyubu mbili zaidi za ile ya pili, na amenipa mimi marhamu ya goti, bila kuulizwa, akasema nisipande treni bila hiyo. Sikuwa nimemwambia habari ya treni. Wanawake wa maduka ya dawa nchi hii ni wa kuogopwa.

Nimeomba ruhusa ya Jumamosi hiyo. Bosi ameshtuka, hakujua kwamba mimi huomba ruhusa. Treni ya milimani inafika Matsue saa tisa na kitu. Nitakaa dirishani nisitazame chini. Shemeji asije stesheni, nitaugua njiani na sitaki anione kijani. Niache nitembee mwenyewe hadi nyumbani, goti litake lisitake. Njia naikumbuka.

Finyanga viwili. Kimoja mwekee mama yako, na usikishushe mapema, ningojee nije nikishushe mimi. Mwambie kaka yake hakukataa, amechelewa tu, na kwamba safari hii hakubeba zawadi.

Tatsuzo